Darubini ya Bunduki ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa askari wa wanyama enzi za Mwingereza. Kituo chake kilikuwa Ngenge, ambako nyati na nguruwe walikula mashamba ya watu kana kwamba wamelimiwa wao. Alikuwa na kofia, kaptula, viatu vilivyombana, na bunduki ya serikali aliyoitunza kuliko hivyo vyote. Nilimwambia anaipenda kuliko mimi. Alinijibu kwamba bunduki haimgombezi asubuhi.

Mwaka ninaousimulia hapa alianza kukosa. Kwanza alimkosa nguruwe, watu wakacheka, yakaisha. Kisha akampiga nyati tumboni badala ya begani, naye nyati akaingia na jeraha lake kwenye majani marefu, na kijiji kizima kikajifungia ndani kwa hofu. Mume wangu alimfuata peke yake akammaliza kabla ya jua kuzama, lakini maneno yalikwishafika Bukoba. Mzungu mkubwa wa kazi yao, ambaye kila mtu alimwita Bwana Nyama, akamwita mjini. Alimpenda mume wangu kwa namna yake, kwa hiyo hakumfukuza. Alimpa darubini ya kufunga juu ya bunduki, kuukuu kidogo, pamoja na pete mbili za chuma za kuishikia. Akamwambia kwamba mvua zikiisha atakuja Ngenge, na mume wangu atapiga shabaha mbele yake. Akikosa, bunduki atapewa mwingine.

Nilikuwa nimefuatana naye safari ile. Usiku tulilala Kibeta kwa mama yake, na hakuweza kungoja mpaka tufike kwetu. Alikaa sebuleni, juu ya yale majani tunayotandika sakafuni Uhayani, akaanza kuifungua na kuifunga. Skrubu moja ikaanguka majanini. Tuliitafuta sote watatu kwa magoti, mama mkwe akinung'unika kwamba mtu mzima na akili zake angeomba sinia.

"Na hiki ni cha nini, mwanangu?" aliuliza mama alipoipata skrubu, akiinyoshea kidole darubini.

"Cha kuonea mbali, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya. "Ukichungulia, mnyama anakuwa kama yuko hapo mlangoni."

"Mlangoni kwangu asije," alisema mama, akaenda kutuletea kahawa ya kutafuna.

Asubuhi tulipanda lori, bunduki ikiwa imefungwa kwenye blanketi na kulala mapajani mwake kama mtoto mchanga. Alifurahi njia nzima. Mimi pia nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa sijamwona akicheka tangu habari ya yule nyati.

Tulichagua mahali rweyani, kwenye majani matupu nje ya vibanja vya migomba, penye kilima cha kupokea risasi. Tulifungua debe, tukalibamiza likawa bapa, nikalipaka chokaa na kuchora duara la makaa katikati. Risasi zilikuwa za kuhesabu, hivyo kila mlio uliniuma kama sahani inayovunjika. Alipiga, tukaenda kuangalia. Zote zilikuwa kushoto kabisa, moja haikugusa hata debe.

"Darubini inaangalia kwingine, mtutu unaangalia kwingine," alisema, naye hakuonekana kuhuzunika. Kosa la chuma lina dawa, na bisibisi alikuwa nayo.

Alinifundisha namna ya kuvipatanisha bila kupoteza risasi. Unailaza bunduki juu ya magunia ya mchanga isitikisike. Unachomoa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofungia risasi, unachungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uone duara jeusi katikati ya tundu. Kisha, bila kuigusa, unachungulia kwenye darubini, ambamo mna nyuzi mbili zilizopishana kama msalaba. Pale zinapokutana nyuzi pawe juu ya duara lile lile. Kama sivyo, unalegeza skrubu ya upande huu na kukaza ya upande ule, kidogo kidogo, hadi viwili hivyo vione kitu kimoja.

Alichungulia mtutuni, akasema duara liko katikati. Nikachungulia mimi nikaona liko ukingoni kabisa, kama mwezi unaochungulia nyuma ya paa.

"Haliko katikati," nilimwambia.

"Moshi wa jikoni kwako umeniharibia macho. Basi iweke sawa wewe, mimi nishike bisibisi."

Mama mkwe angesikia kwamba nimeshika bunduki ya mwanawe, mtu angelala njaa. Kwao mwanamke hagusi hata mkuki wa mume. Lakini mama mkwe alikuwa Kibeta, na sisi tulikuwa wawili tu rweyani, basi nikaiweka sawa.

Siku nyingine aligundua kwamba nyuzi zenyewe zimeinama. Alisema ukiwa na msalaba ulioinama, ukitaka kuipandisha risasi itakwenda juu na pembeni pia. Tulining'iniza jiwe kwa kamba ya mgomba kwenye tawi, likatulia, nikachungulia huku yeye akiizungusha darubini ndani ya pete zake, mpaka uzi wa ndani ukasimama sambamba na kamba. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega. Nilisikia pumzi yake shingoni, akiniuliza taratibu, bado, bado, hapo? Miaka mingi tulikuwa tumelima pamoja, tumezaa pamoja, tumezika pamoja, lakini hatukuwahi kufanya kazi moja kwa mikono minne namna hiyo. Nasema kweli, ningependa darubini ile iendelee kupinda.

Jumapili hakupiga. Kanisani mwinjilisti aliiombea bunduki, kwa sauti, kwa kuwa usiku ule nguruwe walikuwa wamechimba viazi vyake mwenyewe. Watu waliitikia amina kwa nguvu kuliko siku zote. Mume wangu aliinamisha kichwa, akawa anaizungusha kofia yake mikononi.

Wiki iliyofuata risasi ziliacha kwenda kushoto, zikaanza kwenda zinakotaka. Moja juu, moja chini, moja ubavuni. Hapo hata yeye aliiweka bisibisi chini. Kosa lililo upande mmoja unalisukuma upande wa pili, lakini kosa linalozurura utalikamata wapi? Alikwaruza alama kwa msumari, mstari mdogo ulioanzia kwenye pete na kuingia kwenye darubini, kisha akapiga. Tulipoangalia, mstari ulikuwa umekatika. Darubini ilikuwa imeteleza mbele. Kila bunduki ilipompiga teke begani, yenyewe ilisogea ndani ya pete, japo skrubu zilikazwa mpaka mwisho.

Tukazifungua pete. Nikapitisha kidole ndani yake, nikakinusa, na hapo hapo nikajua.

"Samli," nilisema. "Samli ya mama yako."

Ilikuwa ile ile ya kibuyu chake, yenye harufu ya moshi. Kwao kitu kipya cha thamani kikiingia nyumbani hupakwa samli kimzoee mwenyewe. Mkuki hupakwa, ngoma hupakwa, na mama aliona ajabu gani kukipaka kitu cha kuonea mbali? Bila shaka aliamka kabla yetu, akazikuta pete juu ya sinia, akazipaka ndani na nje kwa upendo wote, na asubuhi mume wangu akazifunga kwa haraka ya kuwahi lori.

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akachukua kitambaa na mafuta ya taa, lakini hakuanza kufuta. Alizishika zile pete viganjani.

"Ni mkono wa mama," alisema.

"Mkono wa mama utakufukuzisha kazi. Lete hapa." Nilifuta mimi, ndani ya pete na juu ya darubini, mpaka chuma kikalia chini ya kitambaa. Alizifunga, akakaza skrubu kwa zamu, huku na huku, akachora alama nyingine. Alipiga. Mstari haukukatika. Akapiga tena, mstari ukabaki mzima.

Nilikimbia kuliangalia debe. Nilikuwa nimekwisha kufikiria nitapika nini kusherehekea. Tundu moja lilikuwa pembeni chini, jingine halikuwapo kabisa.

Nilirudi polepole. Hakungoja nimweleze. Alinipa bunduki.

"Lala hapa. Kitako kibane begani. Vuta pumzi, toa nusu, kisha bonyeza kama unambonyeza mtoto shavu."

"Mimi?"

"Wewe, mke wangu. Tafadhali."

Nililala kifudifudi na gauni langu jeupe la kanisani, ambalo siku hizo lilikuwa limekuwa la shamba. Ndani ya darubini duara lilikuwa wazi, kubwa, hata michirizi ya mkono wangu kwenye makaa niliiona. Nikabonyeza. Bega liliniuma mwezi mzima. Akaniambia nirudie, nikarudia. Safari hii tulikwenda wote wawili.

Matundu yangu yalikuwa ndani ya duara, yamekaribiana, ungeyafunika kwa kiganja. Nilitaka kumwonyesha, lakini nilimwona akisogeza uso mpaka karibu unagusa debe, kisha akayatafuta kwa vidole. Alipapasa chokaa, akapapasa makaa, kidole kikatumbukia kwenye tundu la kwanza, halafu la pili. Akakiacha humo.

"Labda skrubu ya nyuma," nilisema. "Labda kitako kimepasuka ndani. Tukifungua tena..."

"Skrubu nimezikaza mwenyewe. Bunduki haina kosa, mama."

Ndipo aliponieleza. Jicho lake la kulengea lilikuwa na ukungu tangu mwaka uliopita, na la pili lilikuwa limeanza. Tulipotoka mashambani jioni aliniacha nitangulie, mimi nikidhani ananilinda nyuma, kumbe alikuwa akifuata weupe wa gauni langu. Yule nyati alimfuata majanini kwa masikio.

Nilimgombeza. Nililia na kumgombeza kwa pamoja, kwamba angekufa, kwamba mimi ni nani kwake hata anifiche, kwamba tumepoteza siku zote hizo kuhangaika na chuma. Alinisubiri nimalize kama alivyozoea. Akasema hakutaka kunificha. Alitaka kosa liwe la darubini, si la jicho. Kila siku tulipopata kosa jingine alimshukuru Mungu.

Hakungoja mvua ziishe. Aliifuta bunduki vizuri, akaifunga kwenye blanketi, akasema ataipeleka Bukoba mwenyewe wakati inapiga sawa, ili atakayeipokea asije akasema amepewa bunduki mbovu. Nilimwambia tutakwenda wote. Tulitoka alfajiri kuifuata barabara ya lori, umande mwingi, giza bado kidogo. Nilikuwa nimelifua lile gauni, nikalivaa. Nilitangulia, naye akafuata na bunduki begani, na kila penye shimo nilisema, shimo, na kila penye jiwe nilisema, jiwe.