Usinipigie Magoti, Nifungulie Mlango

Kaa vizuri unisikilize, hasa wewe unayesoma haya huku umeshika goti. Sitakuficha kitu. Nitakueleza jinsi ugonjwa ulivyonianza, jinsi ulivyonifanya mtu wa kubebwa, na jinsi nilivyosimama tena. Halafu nitakueleza kilichonipata siku niliyojiona nimepata nafuu ya kutosha kwenda kutembea kama watu wengine. Hapo utanisamehe nikipandisha sauti, maana mpaka leo hasira haijaniisha.

Mimi ni mkulima wa Ngenge, wilaya ya Muleba. Mtoto wangu wa kwanza anaitwa Byera, ndiyo maana wengi huniita Mama Byera. Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa jembe. Nililima mahindi na maharage, nilibeba kuni, niliimba kwenye kwaya ya usharika wetu, na nilikuwa na magoti mazuri. Hilo la magoti nalisema kwa makusudi. Kwetu mwanamke akimsalimu mkubwa wake hupiga magoti mpaka chini, akatulia hapo mpaka aitikiwe. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye kibanja kimoja, nilimpigia magoti kila asubuhi tangu nilipoolewa.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Nilikuwa namenya ebitoke, ndizi za chakula cha mchana, kisu kikanidondoka. Nikakiokota, kikadondoka tena. Nikatazama vidole, viungo vyake vimevimba na vina joto, mkono wa kulia na wa kushoto vilevile. Nikadhani ni kazi. Baada ya wiki kadhaa nikawa nikiamka siwezi hata kufunga kitenge. Mwili mzima ulikuwa mgumu kama uliomwagiwa saruji, na haukulegea mpaka saa tano. Vikafuata vifundo vya miguu. Kisha magoti.

Asubuhi moja nilipiga magoti mbele ya mama mkwe na sikuweza kuinuka. Nilitambaa mpaka kwenye nguzo ya mlango ndipo nikajivuta. Kesho yake nikamsalimu nimesimama, nimeinama tu. Hakuitikia.

"Siku hizi umekuwa msomi?" akaniuliza.

Mume wangu akaniambia jioni, "Mama amelalamika. Vumilia kidogo, si dakika moja tu?"

Nikavumilia. Miezi mingi nilipiga magoti juu ya magoti yaliyovimba kama maboga, nikitabasamu. Nataka uone kosa langu hapo. Niliogopa kuitwa mwenye majivuno kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Kila siku niliyotabasamu ilikuwa siku ya ugonjwa kula mifupa yangu.

Majirani walisema nimetegewa kitu njiani. Mzee mmoja akanichanja kwa wembe kuzunguka magoti na kupaka majivu ya dawa. Chale zikatunga usaha, maumivu yakabaki palepale. Nikahamia kwenye vidonge vya maumivu vya dukani, nikavimeza asubuhi, mchana na jioni, mara nyingi bila chakula. Siku moja nikapata choo cheusi, kinanata kama lami. Kesho yake nikaanguka jikoni. Wakanibeba kwa machela mpaka barabarani, kisha kwa gari mpaka hospitali mjini Bukoba.

Pale nilikutana na daktari, mama mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Asubuhi ukiamka, mwili unabaki mgumu kwa muda gani?"

"Mpaka saa tano."

Akaandika. Akavibonyeza vidole vyangu kimoja kimoja, akapima damu, akanipiga picha za mikono. Kisha akavuta kiti karibu.

"Tumbo lako limechubuliwa na vile vidonge, hilo tunalitibu kwanza," alisema. "Ugonjwa wenyewe unaitwa baridi yabisi. Hii si ile ya uzee. Kinga ya mwili wako imekosea, inapigana na viungo vyako kama vile ni adui. Hakuna aliyekutegea kitu."

"Nitapona?"

"Ugonjwa hautaondoka. Lakini tunaweza kuutuliza. Umechelewa, mama, ila hujachelewa mno."

Akaniandikia vidonge ninavyomeza siku moja tu kwa wiki. Akayarudia maneno hayo mara tatu na kunitaka niyaseme mwenyewe: siku moja kwa wiki, si kila siku, maana ukizidisha dawa hiyo inaweza kukuua. Wewe nawe usichukue dawa ya mwenzako. Mimi hupimwa damu kila ninaporudi kliniki, kuona kama dawa hainidhuru.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Nililia. Tangu magoti yaliponishinda kabisa mpaka hapo, miaka miwili, nilikuwa mtu wa kiti. Asubuhi walinitoa nje na kuniweka kwenye kiti cha plastiki barazani, jioni wakaniingiza ndani. Wageni walimuuliza mume wangu, "Mgonjwa ameamkaje?" nami nipo pale, nina masikio. Mwezi wa tatu vidole vikapungua joto. Mwezi wa tano nikaenda msalani peke yangu, nikishika ukuta. Nilipofika nikacheka kwa sauti mpaka watu wakaja mbio.

Mama mkwe alielezwa barua niliyopewa hospitali. "Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Ningekuambiaje, mama, na ulikuwa huniitikii?"

Akacheka, kisha akafuta macho. Tangu siku hiyo tunasalimiana tumekaa.

Sasa natembea kwa fimbo. Tambarare naenda mwendo mzuri tu. Ngazi ndizo adui yangu, hasa zisizo na kitu cha kushika. Kila mwezi nikija kliniki nafikia kwa Byera, Miembeni, hapohapo Bukoba, ambako ana cherehani. Ana binti wa miaka saba, Koku. Daktari aliniambia nisijifungie ndani, nitembee, nifurahi. Nikamwahidi Koku kwamba kliniki ijayo nitampeleka kwenye bustani mpya ya michezo iliyofunguliwa kandokando ya ziwa, tupande pamoja ile treni ndogo inayozunguka. Jina la mahali siliandiki. Wenyewe watajijua.

Tulifika Jumamosi saa nne na nusu, mimi, Byera na Koku. Nilikuwa nimevaa gauni la kwaya. Getini nikakuta ngazi tisa za saruji, hazina pa kushika, na juu yake mlango wa vyuma wa kuzunguka, ule unaousukuma kwa kiwiko mtu mmoja mmoja. Nikaziangalia nikajua siziwezi. Kupanda ningejaribu. Kushuka ndiko kunakovunja, kwa sababu ukishuka uzito wote unaangukia goti moja.

Mlinzi alinipita kwa macho, akamwangalia Byera. "Bibi ataachwa hapa. Kuna kiti kivulini, tutamwangalia."

"Niulize mimi," nikasema. "Ninaongea."

"Samahani, bibi. Na hiyo fimbo pia hairuhusiwi ndani. Sheria. Inaweza kuumiza watu."

"Hii ndiyo inayonizuia kuanguka juu ya hao watu."

Nyuma yetu foleni ilianza kurefuka. Baba mmoja mwenye watoto watatu akapaza sauti, "Mama, treni ya watoto unaitafutia nini? Hukucheza utotoni?"

"Utotoni nilikuwa nalima," nikamjibu. "Ndiyo maana nimekuja sasa."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa upande wangu. Lakini kikawapa wafanyakazi wawili wa pale wazo. Vijana wenye nguvu, fulana za njano. "Tumbebe bibi!" Hawakuuliza. Mmoja kwapa la kulia, mwingine la kushoto, wakaninyanyua kama mkungu wa ndizi. Wewe mwenye viungo vizima huelewi, basi nikueleze: bega lenye baridi yabisi ukilivuta juu kwa ghafla, ni kama mtu amechomeka msumari wa moto na kuuzungusha. Nikapiga kelele. Watu wakatoa simu, wakapiga picha. Koku akaanza kulia.

"Nishusheni!"

Wakanishusha ngazi ya pili, wamenuna, kana kwamba mimi ndiye niliyewakosea. Byera akanirudisha chini, na mlinzi akaleta kiti. Kiti cha plastiki, kivulini. Mawe, mama yangu! Miaka miwili nilikaa kwenye kiti kama kile nikingoja kuingizwa ndani. Byera akaninong'oneza, "Mama, turudi nyumbani."

Ningekubali. Nakiri ningekubali, bega lilikuwa linawaka. Ila Koku alikuja akasimama mbele yangu akasema, "Bibi, kwani umeugua tena?"

Mtoto yule aliona kiti tu, akajua. Nikaona kwamba nikirudi nyumbani siku hiyo sitatoka tena. Nitakuwa na miguu inayotembea, na nitakaa barazani.

Nikamwambia mlinzi aniitie mkubwa wake.

Akaja msimamizi, binti wa miaka kama thelathini, suruali nzuri, simu mkononi. Akaniona mtu mzima, na hapohapo, mbele ya foleni nzima, akapiga magoti kwenye kokoto na kunisalimu kwa Kihaya, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa na mama yake. Nikaitikia.

"Waitu, poleni sana," akasema, bado yuko chini, kwa neno letu la heshima na kwa wingi, kama tunavyosema na wakubwa. "Lakini kwa hali yenu hatuwezi kuwaruhusu. Ni kwa usalama wenu. Tutawaletea soda hapohapo mlipo."

Hapo ndipo nilipochemka. Ningevumilia mtu mkali. Huyu alikuwa amepiga magoti kunifungia mlango!

"Mwanangu, simama," nikamwambia. "Una magoti mazuri, yatunze. Usinipigie magoti. Nifungulie mlango."

"Mlango ndio huu mmoja, waitu."

Kiti kile cha aibu kilikuwa kimenipa kitu kimoja. Kutoka pale nilikuwa naona kona ya ukuta, na tangu nikae nilikuwa nimeona toroli la soda likipita huko mara mbili, kreti zimepangwa mpaka kwenye kidevu cha anayelisukuma, wala chupa hazikugongana.

"Hiyo soda unayotaka kuniletea," nikauliza, "imepanda ngazi hizi?"

Akageuka kutazama kona.

"Soda ina njia. Mimi sina?"

"Ule ni mlango wa mizigo, waitu. Wageni hawapiti jikoni."

"Mimi si mgeni wa kuogopa jiko. Nimekaa jikoni maisha yangu yote."

Yule baba wa foleni, aliyenitania kwanza, akasema kwa nguvu, "Mfungulieni mama bwana, watoto wetu wanaungua na jua!" Wengine wakadakia. Msimamizi akafunga simu yake na kumwambia mlinzi alete ufunguo.

Tulizunguka kona. Pale palikuwa na mlango mpana wa bati, na mteremko laini wa saruji, mzuri kuliko sakafu ya kanisa letu. Niliupanda kwa miguu yangu, na fimbo yangu, polepole, nikapita katikati ya masufuria na wapishi walioduwaa. Mmoja akaniambia, "Karibu chakula, mama," nikamwambia nitarudi. Kipandio cha treni kilikuwa kifupi. Byera alinishika kiunoni kama nilivyomwelekeza, si kwapani. Nikakaa. Koku akakaa pembeni yangu akashika kidole changu kilichopinda. Treni ikazunguka mara tatu, ziwa likija na kuondoka upande wa kushoto. Nilipiga kelele kuliko watoto wote.

Wakati wa kutoka msimamizi alitusindikiza. "Leo tumefanya kwa heshima yenu," akasema.

Nikamweleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe, kwamba heshima si jambo la leo. Atakuja mwingine asiye na mdomo kama wangu, atawekwa kwenye kiti, atakunywa soda, atarudi nyumbani kufa taratibu. Weka kibao pale getini, mshale, maneno mawili. Na wafundishe vijana kuuliza kabla ya kumshika mtu. Akanisikiliza, akatazama chini. Kisha akaniuliza, "Kliniki yenu pale hospitali ni siku gani?" Hakusema anamuulizia nani. Nikamtajia siku, na nikamwambia aje mapema.

Mwezi uliofuata nilirudi. Kibao hakikuwepo. Mlinzi alikuwa mwingine, akataka kuniletea kiti. Nikaanza upya, na nikaingia. Nitaendelea kuanza upya mpaka wachoke wao, maana mimi nimeshazoea mambo yanayochukua muda.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyevuta kiti karibu, na mume wangu aliyejifunza kunifunga vifungo vya gauni bila kuona haya. Wewe mwenzangu, viungo vikivimba pande zote mbili na asubuhi vikigoma kwa muda mrefu, wiki baada ya wiki, nenda hospitali, waambie hivyohivyo. Usivumilie kwa ajili ya adabu. Na ukishapata nafuu, toka nje. Ukifika mahali ukakuta ngazi, usikae kwanza. Uliza mizigo inaingilia wapi, upite hapo.