Kayaki Mbili za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli ya ufukweni Dar es Salaam. Hoteli ilipofungwa akapewa kayaki mbili, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya mtu mmoja mmoja. Akazipandisha kwenye lori hadi yadi ya mizigo Makambako. Alitaka kuzipeleka nyumbani kwetu Ludewa, kando ya ziwa, awe anawakodishia wageni. Kabla hajazifuata, homa ikamchukua. Ziwani aliletwa yeye, kwenye jeneza.

Baada ya arobaini, baba akaja kwangu Njombe.

“Kalete vitu vya mwanangu,” akaniambia.

Gari letu ni dogo, halina keria. Pale yadi Makambako, mimi na mume wangu tulitandika godoro kuukuu juu ya paa, tukazilaza kayaki sambamba, tukapitisha mikanda milangoni. Zilikuwa ndefu kuliko gari lenyewe. Ncha zake tulizifunga kwa kamba za manila, mbele na nyuma.

“Mwenyewe yuko wapi?” mlinzi wa yadi akauliza.

“Amefariki.”

Akavua kofia, akaja kutusaidia kukaza.

Njiani mvua ilinyesha. Maji yakafuata mikanda hadi ndani, yakatudondokea mapajani. Juu yetu mikanda ilivuma mfululizo, na mume wangu alienda polepole, mikono imekakamaa kwenye usukani. Trafiki akatusimamisha.

“Mama, mtavua wapi huku kwenye viazi?” akasema, akicheka.

Nilifungua mdomo nimjibu, kikatoka kilio. Akatupungia mkono haraka tuondoke.

Mbele kidogo tukapishana na lori la mbao. Upepo wake ulitupiga, kamba ya mbele ikakatika, na kayaki moja ikachomoka na kuanguka kwenye lami. Nyuma yetu hapakuwa na mtu. Tuliikuta imepasuka kuanzia ncha hadi kwenye kiti. Nilimpigia kelele mume wangu kana kwamba yeye ndiye aliyemuua mdogo wangu. Yeye aliinyanyua peke yake, akaifunga upya.

Baba alitusubiri uani kwetu Njombe. Tulipozishusha, akaizunguka ile nzima, akaipapasa, halafu akaingia na kuketi palepale kwenye majani, miguu ameinyoosha. Mtu aliyevua samaki maisha yake yote.

“Alikuwa anakaa hivi?”

“Ndiyo, baba.”

Alikaa muda mrefu. Alipotaka kutoka, magoti yakakataa. Tulimshika makwapani, mimi huku, mume wangu kule, tukamtoa kama mgonjwa.

“Nyumbani msizilete,” akasema. “Mama yenu asizione.”

Kesho yake alipanda basi la Ludewa. Kayaki iliyopasuka mume wangu aliikata katikati, nguruwe wanakula humo. Ile nyingine imeegemea ukuta wa jiko. Watu wamekuja kuiulizia mara kadhaa, nami huwaambia mwenyewe hayupo.