Jeneza la Mama Getruda

Sabiri, seremala wa Gongoni, hakuwahi kusimama uso kwa uso na mama mkwe wake kwa miaka kumi na saba. Ndiyo adabu ya ukoo wa mkewe, Wanyamwezi wa Lusu. Akisikia Mama Getruda anakuja, anapisha njia. Walizungumza ukuta ukiwa katikati. Ndugu walipoipinga ndoa kwa kuwa Sabiri ni Mwislamu, sauti nene ya Mama Getruda ilitoka chumbani: "Mleteeni mkwe wangu maji. Mwenye neno aje alisemee humu ndani." Tangu hapo, kila mavuno Sabiri alimpelekea gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Mama Getruda alipofariki aliacha agizo moja: jeneza alichonge mkwe wake.

Asubuhi ya mazishi mimi, dereva wa malori, nilikuwa naelekea Nzega, Sabiri akanipa nafasi kwenye pikapu. Jeneza la mbao za mninga lilifungwa kamba nyuma.

"Vipimo alikupa nani?" nikauliza.

"Vipimo vya mkwe? Unaanzaje kuuliza habari za mwili wa mkwe?"

"Sasa ulijuaje?"

"Sauti," alisema. "Ile sauti ni ya mama mrefu."

Tukaendelea hadi Lusu. Nimevuka mipaka mingi na karatasi zenye kasoro, lakini sijawahi kuogopa kufika kama siku ile.

Leodgar, kaka wa mkewe, alitusubiri uani. Jeneza la dukani, lenye vishikio vya rangi ya dhahabu, lilikuwa tayari kwenye benchi.

"Pole, shemeji. Padri anafika saa tano. La kwako likimwenea, sawa. Lisipomwenea, mama anaingia kwenye hili, na hakuna mjadala."

Wakaliingiza la mninga. Kisha Jenifa, mke wa Sabiri, akatoka ameshika kichwa, akamgeukia mumewe.

"Linampwaya, Baba Batuli. Linampwaya sana."

Shukrani, mtani wao, akapaza sauti: "Seremala kamjengea bibi chumba na sebule! Tumtafutie na mpangaji!"

Watu wakacheka. Leodgar hakucheka. "Litoeni."

"Nipe nusu saa," Sabiri akasema.

"Padri yuko njiani!"

"Mama alinitaja mimi, shemeji."

Jenifa akaingia tena, akarudi na utepe alioupasua kwenye kanga, urefu wa mama yake. Jeneza likarudishwa uani, Sabiri akaunyoosha utepe juu ya mbao. Uliishia mbali na mwisho.

"Mdogo hivi?"

"Alinifikia hapa," Jenifa akagusa bega lake.

Sabiri akauzungusha ule utepe kiganjani. Kisha akang'oa ubao wa miguuni, akapiga mstari kwa penseli, akaanza kukata. Msumeno ukaruka mara mbili. Gari la padri likaonekana barabarani. Leodgar akalitazama, akautazama msumeno, akavua koti na kukandamiza mbao upande wa pili.

"Kata, shemeji. Ila likipinda, utanijua."

Tulimzika saa saba, ndani ya mninga, padri akiwa amenuna.