Wimbo Usio na Chemko

Wimbo mpya wa bendi yangu ulipoingia kwenye simu ya mke wangu, niliusikiliza nimesimama, nimeshika nondo ya dirisha la sebuleni kwetu Goba. Kusimama ndiyo iliyokuwa kazi yangu siku hizo. Tangu kiharusi kiulaze upande wangu wa kushoto, mtaalamu wa mazoezi alinipangia asubuhi kusimama, jioni kusimama, na katikati kutembea na fimbo mpaka getini na kurudi. Nililichukia geti lile.

Bendi hiyo nimeifuata tangu nilipokuwa fundi seremala kijana Buguruni, nimetoka Newala na sanduku moja. Sasa wanamuziki wake wameota mvi, wengine wametangulia mbele ya haki, na kwa miaka mingi walikuwa wakirudia nyimbo zilezile za zamani kila Jumapili alasiri. Kwa hiyo sauti ya mwimbaji wao mkongwe ilipotoka kwenye simu na maneno mapya, inakwaruza kidogo lakini ni ileile, machozi yalinitoka. Siyaonei haya.

Mke wangu hakulia. Yeye ni mzaliwa wa Temeke na shabiki wa bendi pinzani, na alinitangazia hivyo siku ya kwanza tulipoonana, kabla hata hajaniambia kwao ni wapi. Katika ndoa yetu yote amenisindikiza kwenye maonyesho ya bendi yangu, na hajawahi kucheza hata wimbo mmoja. Anakaa, soda mbele yake, amekunja mikono. Mimi kwenye bendi yake nafanya vivyo hivyo. Haki ni haki.

Asiyeujua muziki wetu wa dansi nimweleze jambo moja. Wimbo huanza taratibu, waimbaji wanatoa kisa chao na malalamiko yao, na watu wengi husikiliza wamekaa. Halafu magitaa yanachanganya, ngoma zinapanda, na hapo ndipo mtu unaponyanyuka. Sehemu hiyo tunaiita chemko. Wimbo bila chemko ni chai iliyosahauliwa majani.

Basi siku ile, mkono kwenye nondo, niliapa kwamba chemko la wimbo huu nitalicheza ukumbini, kwa miguu yangu, bila fimbo. Nikasubiri nilisikie. Gitaa likaanza kupanda, mara kimya.

"Bando limekata," nikamwambia mke wangu.

Akaunga lingine. Tukarudia, na kimya kikaingia palepale. Nikalaumu mtandao, nikamtuma aipeleke simu uani, kule mwinuko ulipo, arudi nayo. Mara ya nne akakaa kwenye mkono wa kochi na kuniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Baba, wimbo umeishia hapo. Dakika tatu tu. Wazee wako wameishiwa pumzi."

Nilikasirika kweli. Dakika tatu ni za tangazo la sabuni. Kwa siku mbili sikufanya zoezi lolote, nikaona hata bendi yangu imeniaga. Siku ya tatu nikaamka na jambo moja kichwani: nitakwenda kuwauliza wenyewe, na safari hiyo inataka mguu.

Nikarudi kwenye nondo. Kila siku niliupiga ule wimbo, na ulipokatika nikauendeleza mwenyewe, gitaa nalitoa kwa ulimi, mguu nauhamisha: mbele, pembeni, nyuma. Wa kushoto ulikuwa mzito kama gogo la mninga, ukifika umeshachelewa, kwa hiyo nikaubunia hatua yake ya kuchelewa. Mke wangu alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, anajifanya hasikii wala haoni. Alinionya mara moja tu.

"Ukianguka mbele za watu, usije ukasema sikukwambia."

Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote. Sikumwambia.

Jumapili ya tano tulikodi bajaji mpaka Buguruni. Yule mwimbaji alikuwa nje ya ukumbi kwenye kiti cha plastiki, anakunywa maji ya uvuguvugu. Nikamwamkia shikamoo, maana kanizidi miaka.

"Marahaba, fundi. Nilisikia uliumwa."

"Niliumwa. Nina ishu moja, kaka. Chemko liko wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Vijana wa studio walisema watu wa kwenye simu hawana subira. Tukawakatia kipande chao cha simu. Chemko lipo, fundi. Lipo humo ndani."

Ule wimbo mpya waliupiga wa tatu. Niliusikiliza nimekaa, kama inavyotakiwa. Gitaa lilipoanza kupanda nilimpa mke wangu fimbo nikasimama. Likafika pale ambapo simu hukatika, likapita, likaendelea. Nikaenda mbele. Nikaenda pembeni. Ya kurudi nyuma, goti la kushoto likalegea, na nikaiona sakafu inakuja.

Mkono ukanidaka mkanda wa suruali. Mke wangu alikuwa mbele yangu, mkoba begani, fimbo yangu ameibana kwapani.

"Mie sichezi," akaniambia sikioni. "Nakushika tu."

"Sawa."

Tukaenda mbele, pembeni, nyuma. Hatua zote alikuwa anazijua, hata ile ya kuchelewa niliyoibuni mwenyewe pale dirishani.