Minazi Aliyoipanda Baba

Shamba letu la Msambweni lilikuwa na minazi ya namna mbili. Ile mikongwe ya upande wa chini baba aliachiwa na mjomba wake. Ya upande wa juu aliipanda mwenyewe, akainywesha maji kwa madebe mpaka ikashika. "Hii ya juu ni yenu," alikuwa akituambia. "Ya chini ni ya fuko." Fuko ni ukoo wa upande wa mama, na kwetu Wadigo mali ya mwanamume ilikwenda kwa mtoto wa dada yake, si kwa mwanawe.

Mama alifariki akimzaa mdogo wetu wa mwisho. Tukabaki na baba: mimi niliyekuwa shuleni, mdogo wangu wa kiume, na huyo mtoto wa kike niliyekuwa nikimbeba mgongoni.

Jirani yetu, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa hamwachi baba.

"Ita mashahidi, bwana. Sema mbele yao kwamba minazi ya juu umewapa wanao hiba, nao waishike ungali hai."

"Nimekohoa tu, mwalimu, wewe ushaleta sanda?"

"Sanda haijaua mtu."

"Basi usinichurie!"

Wakacheka wote wawili. Alipokuwa mzima baba alisema haraka ya nini. Alipougua alisema kugawa mali sasa ni kujichuria, kuyaita mauti yaje. Angewaita watu akipata nafuu. Nafuu haikuja.

Baada ya hitima wazee walikaa barazani kwetu pamoja na mtoto wa shangazi, mpwa wa baba. Nikasema minazi ya juu baba alitupa sisi.

"Mbele ya nani?" mzee mmoja akauliza.

"Mbele yetu."

"Hata mimi wanangu nimewaambia mwezi ni wao." Watu wakacheka kidogo, bila ubaya.

Mtoto wa shangazi hakucheka. "Mdogo wangu, usinichukie," alisema. "Wanangu mimi nao hawatapata kitu kwangu. Watakwenda kwa mjomba wao. Nanyi mnaye wenu."

Mwalimu alikuwa tayari kutupeleka kwa Kadhi, ambaye kwa sheria ya dini humrithisha mtoto mali ya baba yake, mradi mjomba akubali kutusemea. Nikamfuata Tiwi. Nilimkuta anafua nazi, anazitoa makumbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa dafu kwanza."

Nikanywa, nikamweleza. Akachukua nazi nyingine, akaifua.

"Shamba hili unajua lilikuwa la nani?"

"La mjomba wako."

"Na watoto wake wako wapi?"

Sikujua.

"Wako Kinango, wanachunga mbuzi za watu. Leo nisimame mbele ya Kadhi niseme mali ni ya watoto, kesho watakuwa mlangoni hapa. Nami nitawaambia nini?"

 

Alichoweza kutoa alikitoa: akamchukua mdogo wangu wa kiume. Mtoto wa kike alichukuliwa na mama mdogo, aliyeolewa Matuga. Alilia akinishika shati, na mama mdogo akambandua kidole kimoja kimoja. Mimi nilikataa kuondoka. Niliacha shule, nikawa mkwezi wa mtoto wa shangazi, nikimpandia minazi na kumwangulia nazi, nikalala katika kibanda cha jikoni. Nilijiambia kwamba nikiwapo mimi, wadogo zangu watakuwa na mahali pa kurudi.

Idi moja mama mdogo alimleta yule mtoto. Alikuwa amerefuka. Aliniamkia vizuri, kama alivyofunzwa kuwaamkia wageni, kisha akajificha nyuma ya kanga ya mama mdogo. Sikuwa na cha kumpa. Nikapanda mnazi mmoja wa upande wa juu kumwangulia dafu.

"Mwenye shamba umemwomba?" mke wa mtoto wa shangazi akaniuliza kutoka chini. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anavyoulizwa mkwezi yeyote.

Nilikuwa sijamwomba. Nikateremka mikono mitupu, nikampita mtoto pale aliposimama, nikaenda kuomba.