Skrubu Aliyoiweka Kitale

Msumeno wa petroli nilioachiwa na ndugu yangu mkubwa alikuwa ameutyuni injini mwenyewe kule Kitale, muda mfupi kabla hatujamzika. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo alikuwa amepunguza petroli kwenye kabureta. Nilipoushusha Kabuchai, kwenye hewa nzito, kumkatia mjane wake mikaratusi, ulianza kulia kwa sauti nyembamba na kupata moto hadi mkono haukaribii.

Kwanza nilishuku oili ya kuchanganya niliyonunua Myanga. Pengine nilimwonea muuzaji bure, kwa sababu plagi ilitoka nyeupe kama chokaa, na hiyo ni injini inayonyimwa petroli.

Dawa niliijua: kufungua skrubu ya kabureta kidogo. Lakini mkono wa ndugu yangu ndio ulikuwa umeifunga, na mimi nilipenda kusikia injini ikinguruma vile alivyoiacha.

"Shemeji, ati unaogopa skrubu?" mjane akaniuliza.

"Si ni yeye aliiweka hivi."

"Aliiweka ya Kitale, bana. Ukiunguza injini, utamsikia wapi tena?"

Alisema kweli, na marehemu alikuwa wake kuliko alivyokuwa wangu. Nikachukua bisibisi, nikafungua. Sauti ikashuka, ikawa nzito, na injini haikuchemka tena hadi mti ukaanguka.

Jioni nilitaka kuirudisha skrubu alivyoiacha kidogo tu, nimsikie ndugu yangu. Sikujua tena skrubu ilikuwa imesimama wapi. Sikuwa nimefikiria kuweka alama.