Barabara Iko Bien

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila ninapoanza kumfundisha mtu PHP, lugha hii ya kompyuta, mwanangu. Leo nimechoka, macho yananiuma, lakini kaa nikuambie kabla hujagusa hiyo kompyuta.

Nilikuwa msichana, nikijifunza hapa Mweso pamoja na kaka mmoja, Josué. Tulijua machache. Kwamba maandishi ya PHP hukaa kwenye seva, seva ndiyo inayoyasoma na kuyatenda, na anayefungua ukurasa huona jibu tu. Kwamba jina lenye alama ya dola mbele ni kikapu cha kuwekea habari. Kwamba echo humtolea msomaji neno. Na kwamba if huuliza swali, halafu else hubeba yote yaliyobaki. Kwa hayo tu tukajiona mafundi, si unajua ujana!

Tukatengeneza ukurasa wa kuwaambia watu hali ya barabara. Waendesha pikipiki walitupigia simu, nasi tukaweka habari yao ndani ya $barabara. Wakisema imekatika, ukurasa nao ulisema imekatika. Ikabaki else. Josué alilelewa vizuri, na watu wa milima hii unatujua: hata kama paa limevuja usiku kucha, ukiulizwa habari unajibu "tuko bien", yaani tuko salama, maana si adabu kumtwika mwenzako shida zako. Basi akaandika pale: "Barabara iko bien." Nilisoma, nikaona ni neno zuri.

Dada yangu mdogo, Furaha, aliishi kijiji cha juu, na mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Uchungu ulipoanza, mvua ilikuwa imenyesha sana, akanipigia simu mimi, yaya wake, yaani mkubwa wake.

"Yaya, nikuje ku hopitali, ao nibakie kwa Mama Mapendo?"

Mama Mapendo alikuwa mkunga wa kijiji, mwenye mikono iliyozoea kazi hiyo. Nikafungua ukurasa wetu. Nikamwambia dada yangu aje, barabara iko bien.

Daraja lilikuwa limekwenda na maji. Waendesha pikipiki wa kule mtoni walikosa mtandao tangu jana yake, hakuna aliyetupigia, kikapu kilikuwa kitupu, na seva ikaangukia kwenye else, kama tulivyoiagiza. Furaha alijifungulia kando ya mto, juu ya kitenge chake, mvua ikimpiga. Mtoto hakulia.

Walipomvusha na kumfikisha hospitali, nilienda kumwona. Nilitamani anitukane. Hakuwa na nguvu hizo.

"Mbona muliniambia iko bien?"

"Dada, hatukukuwa na habari yoyote."

"Basi mungeniambia vile. Ningebakia kwa Mama Mapendo."

Akageukia ukutani. Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje. Josué hakugusa kompyuta tena; analima maharagwe, na tukikutana sokoni tunaongea habari za mvua. Mimi nilibaki kufundisha. Sijui kama ni ujasiri, au ni kwamba sikuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Alama na mabano utayazoea, na ukikosea seva yenyewe itakugombeza. Lakini ukiweka adabu mahali pa habari, haitakugombeza, itamfikishia mtu neno lako vilevile. Kabla ya kuandika else, jiulize ni nini kitaangukia humo. Kikapu kikiwa kitupu, kipe swali lake lenyewe, elseif, na jibu lake liwe "Hatuna habari." Usione haya. Asiyeambiwa kitu atauliza kwingine, atasubiri, atamwita mkunga. Aliyedanganywa ameshaondoka nyumbani.

Mungu akubariki, akupe kazi ya mikono yako, na yeyote anayesafiri kwa neno lako afike salama, yeye na mtoto wake.